Kalina ya Kiwanja cha Matope

Kiwanja kile cha matope kilikuwa changu kwanza. Nalisema hili mapema ili asije mtu akanisimulia habari za Motria kana kwamba anazijua kunizidi. Siku ya kura ya viwanja niliingiza mkono kwenye kofia ya mwenyekiti mbele ya kijiji kizima, nikatoa karatasi, na walipoisoma nilikaa kwenye nyasi nikalia bila aibu. Wenzangu walipata viwanja vya juu, penye mchanga mkavu, kando ya barabara. Mimi nilipewa kibonde cha mwisho kabisa, ambako maji ya mvua hutuama mpaka katikati ya kiangazi, na vyura walikuwa wameshahamia kabla yetu. Mume wangu, Panas, alisema tutafuga bata.

Motria alipata kiwanja kizuri kuliko vyote, mgongoni mwa kilima, na kisima juu yake, ambacho wapima ardhi walikichimba kwa matumizi yao wakakiacha. Alikitazama mara moja tu, akaondoka. Mumewe Lavrin ndiye aliyebaki kupokea pongezi.

Bonde letu lilikuwa linakwenda kuzamishwa. Mto Dnipro ulikuwa unazibwa huko chini ili kupata umeme, na maji yangerudi nyuma mpaka kwetu, yafunike nyumba, mashamba na malisho. Tuliamriwa tubomoe wenyewe, tukate miti yetu wenyewe mpaka kwenye kisiki, tuhamie juu. Watu walilia, wakanuna, kisha wakaanza kuhesabu misumari. Mtu mmoja tu ndiye aliyesema hapana, naye alikuwa mama mkwe wa Motria, Bibi Hapka.

Alilisema palepale kwenye kura. Alisimama na fimbo yake, kitambaa kimefungwa mpaka kwenye nyusi, na mtu wa kamati ya kuhamisha watu akadhani anataka kuuliza kitu.

"Andika hivi," Bibi Hapka akamwambia. "Kalina yangu ikishika kule juu, nitakuja kwa miguu yangu. Ikikataa, mniache nilipo."

"Mama, kalina ni kichaka tu," yule mtu akasema, akicheka kidogo. "Vichaka viko tele."

"Basi nenda ukaishi navyo wewe."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Bibi Hapka hakucheka. Alimgeukia mkamwana wake akamnyooshea fimbo. "Uipande chini ya dirisha. Mahali pake ni hapo. Watu wote wamesikia."

Ni kweli tulisikia, na hakuna aliyeona ajabu. Kwetu hakuna ua lisilo na kalina, na kalina husimama chini ya dirisha, ili mwanamke akiosha vyombo aione: maua meupe mwezi wa Mei, matunda mekundu mpaka theluji iyaangukie. Haikatwi wala haichomwi. Mama mkwe humwachia mkamwana. Mimi mwenyewe ningesema vilevile, chini ya dirisha, bila kufikiri.

Lakini kalina ya Bibi Hapka ilikuwa na lake. Wakati wa vita Lavrin alikuwa mbali na wanawake hawa wawili walibaki peke yao. Wajerumani walipopita, walijificha kwenye matete, maji kiunoni, mtoto wa Motria mgongoni kwake. Yule mtoto alipata homa ya kifua akafa. Makaburini hakukufikika, kwa hiyo Bibi Hapka alichimba kaburi uani, kando ya kalina, palipoinuka kidogo. Alichimba yeye kwa sababu mikono ya Motria ilikuwa haimtii. Tangu hapo waligombana kila siku iliyokucha, kuhusu chumvi, kuhusu kuku, kuhusu namna ya kukanda unga, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulala nje ya nyumba ile.

Basi kila mtu alielewa bibi anang'ang'ania nini. Kila mtu alijua pia atakayekataa atafanywa nini. Katika kijiji cha jirani, walichokihamisha kabla yetu, mzee mmoja alikataa kutoka. Askari wawili walimnyanyua pamoja na benchi alilokalia, wakampandisha kwenye lori, na benchi lake, hivyohivyo. Motria aliliona kwa macho yake, maana alikuwa amekwenda huko kununua kitani. Alirudi hana rangi.

"Odarka," akaniambia, "hakupiga kelele. Alishika tu ukingo wa benchi. Mama yangu hatabebwa namna ile."

Aliposema mama alimaanisha mama mkwe. Wa kumzaa hakuwa naye.

Sasa juu ya Motria mwenyewe. Hakuwa mtu wa kukaa. Alikula amesimama, bakuli mkononi, macho nje. Ukienda kumsalimia alikujibu akiwa ameshafika bandani, nawe ukabaki unaongea na mlango. Akikosa kazi, vidole vyake vilichuna nyuzi za aproni mpaka ikatoboka. Alinichosha. Nilimpenda, lakini alinichosha, na mwaka ule alizidi.

Bibi Hapka alikuwa ameinamisha matawi kadhaa ya kalina mpaka chini, akayabana kwa vijiti vyenye panda, akayafukia udongo mweusi wa pale penye unyevu. Kalina huota mizizi hivyo. Unaiacha mwaka mzima, kisha unakata shingo ya tawi na unao mche. Majani yalipopukutika Motria aling'oa mche wa kwanza na bonge lake la udongo, akaufunga kwenye gunia lililolowa, akapanda nao kilimani ameukumbatia. Nyumba haikuwepo. Palikuwa na vigingi na kamba tu.

"Dirisha litakuwa wapi?" akamuuliza Lavrin.

"Dirisha gani? Sina hata ukuta."

"Nionyeshe dirisha, nipande."

"Mwanamke, watu huanza na msingi."

"Wewe anza na msingi. Mimi nionyeshe dirisha."

Lavrin alichora alama mchangani kwa kisigino, kwa hasira, naye akapanda hapo. Majirani tulikuja kutazama kichaka kilichopandwa chini ya dirisha la hewani. Nilisema maneno ambayo sitayarudia, lakini watu walicheka sana.

Majira ya machipuo yaliyofuata kalina ilitoa majani. Madogo, ya rangi iliyofifia, lakini majani. Motria alianza kwenda na kurudi. Asubuhi alikuwa bondeni akikamua ng'ombe, mchana juu akimwaga maji, jioni bondeni akimwambia bibi ina majani mangapi. Alimwaga ndoo na ndoo kutoka kisimani, na mchanga ukanywa kama haukupewa kitu. Alitandaza matete yaliyooza kwenye shina. Aliikingia jua kwa shuka. Mizizi ya kalina haiendi chini sana. Hukaa juujuu ikitafuta unyevu, na pale juu kulikuwa na joto la kukaangia yai. Kufikia Juni majani yalijikunja pembeni, kisha wadudu wakayafanya nyavu, kisha hakukuwa na majani. Alikwaruza gome kwa ukucha. Ndani palikuwa na rangi ya kahawia.

Nilikuwepo alipokwenda kumwambia bibi. Bibi Hapka alikuwa uani anamenya maharage.

"Imekufa, mama."

"Uliipanda chini ya dirisha?"

"Niliipanda."

"Ulimwagilia?"

"Mikono haina ngozi."

Bibi alimenya ganda jingine. "Basi ndiyo hivyo," akasema. Na mimi, Mungu anisamehe, niliona usoni mwake kitu kama raha. Nilidhani macho yananidanganya.

Kesho yake Motria alikuja kwangu mbio, kitambaa kimemwangukia shingoni. Hakusalimu.

"Nipe kibonde chako, uchukue changu."

Nilidhani ananidhihaki. "Shoga, umeshinda juani?"

"Nipe. Chukua cha juu, na kisima, na mawe ya msingi ambayo Lavrin ameshayapanga."

"Lavrin anajua?"

"Atajua."

"Kule ni matope, Motria. Utalala na vyura. Pishi lako litajaa maji, viazi vyako vitaota mvi."

"Najua ni matope. Ndiyo maana nayataka."

Nilimwambia asubiri nimwite Panas, lakini alikuwa anazunguka meza, anagusa hiki, anainua kile, na nikaogopa kwamba akipata nafasi ya kutulia atabadili nia. Nikakubali papo hapo. Ili nisijione mwizi nikamwongezea bata bukini dume, naye akambeba kwapani akaondoka. Tulibadilisha karatasi kwa mwenyekiti siku ileile.

Lavrin alipopata habari alikuja kusimama langoni kwangu. Hakuwa mtu wa maneno makali, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aliniuliza tu kama nina furaha. Nikamwambia ndiyo, ninayo. Mawe ya msingi nilimwachia, akaenda kuyahamisha, jiwe kwa jiwe, hadi kibondeni, na kwa majuma mengi hakusema na mkewe ila mambo ya ng'ombe. Kijiji kizima kilimwona Motria kichaa. Mwanamke amepewa kilima na kisima, anabadilisha na dimbwi, kwa sababu ya kichaka cha ajuza. Mimi nilicheka kuliko wote, maana mfaidika ana haki ya kucheka.

Alichofanya kule kibondeni nilikiona kwa sababu nyumba yangu mpya ilikitazama kwa juu. Alitafuta kwanza mahali penye maji. Alitembea peku, akizama, akitoa mguu, akizama tena, mpaka akapata sehemu yenye udongo mweusi wenye harufu ileile ya bondeni, ambapo maji hayasimami moja kwa moja lakini ukikanyaga yanachuruzika. Alichimba kimfereji ili maji ya paa litakalojengwa yafikie pale. Mche wa pili aliupanda hapo majani yalipopukutika tena. Kisha akamwita Lavrin, akasimama mbele ya vigingi akanyoosha kidole kwenye ukuta ambao haukuwepo bado.

"Dirisha litobolewe hapa," akasema.

"Hapa ni kaskazini. Jua halifiki."

"Litobolewe hapa."

Akalitoboa. Ni nyumba pekee ya kijiji kipya ambayo jikoni kwake hakuna jua, na inatazama matopeni.

Kipupwe kile alikuwa hashikiki. Theluji ilipofunika mche alikwenda kuufukua, kisha akahofu baridi akaufunika tena. Sungura wangeuguguna, akauzungushia miiba. Niliona nyayo zake asubuhi zimezunguka pale duara, duara, kana kwamba farasi wa kinu ndiye aliyekuwepo. Bondeni watu walikuwa wameshaanza kukata. Usiniulize juu ya sauti ya mashoka katika bustani yako mwenyewe. Panas alipokata mcheri wetu nilikwenda kusimama nyuma ya banda, nikaziba masikio, na bado nilisikia. Bibi Hapka alikaa kwenye kibaraza chake katikati ya visiki vya watu, nyumba yake peke yake ina paa. Mtu wa kamati alikuja akamwambia maji yataanza kupanda theluji ikiyeyuka. Akamwambia na habari ya lori.

"Nimeshasema langu," bibi akamjibu. "Nenda kaulize kalina."

Theluji ikayeyuka. Motria hakulala wala hakula. Kila alipopita kwangu nilimuuliza, naye alitikisa kichwa bila kusimama. Mierebi ilichipua, mti wa jirani ukachipua, kalina ilisimama kama kuni. Maji yalikuwa yameshafika kwenye malisho ya chini. Lori liliegeshwa kwa mwenyekiti, na askari wawili walikuwa wanavuta sigara karibu nalo, vijana wapole tu, mmoja wao alinisaidia kubeba gunia.

Asubuhi aliponipita na hakutikisa kichwa, nilijua. Nilimfuata. Kwenye kila kifundo cha tawi palikuwa na chipukizi mbilimbili, nono, zenye ngozi ya kung'aa, na moja ilikuwa imeshapasuka ikaonyesha jani lililokunjwa. Motria alikuwa amepiga magoti kwenye maji. Alinitazama akasema, "Si ndoto, eti? Nitukane kidogo." Nikamtukana kidogo.

Alitaka kukata tawi alipeleke bondeni, nikamshika mkono, maana kalina haikatwi. Akaenda mikono mitupu. Bibi Hapka alimsikiliza, kisha akaomba viatu vyake. Hakupanda mkokoteni. Alipanda kilima kwa miguu yake, fimbo mkono mmoja, bega la Motria mkono mwingine, na askari wale wawili walizima sigara walipopita. Pale kibondeni aliinama, akaparua udongo kwa vidole mpaka akaona mzizi, akaunusa mkono wake. Kisha akasema, "Kitanda changu kiwekwe upande wa jiko."

Ile kalina ya zamani hakuna aliyeikata. Mtu wa kamati alijitia haoni. Maji yalipofika Mei yaliizunguka ikiwa imechanua, ikasimama nyeupe tupu ndani ya ziwa, peke yake, na Bibi Hapka aliitazama kutoka juu kila siku mpaka haikuonekana. Hakusema neno la yule mtoto. Motria naye hakusema.

Nilichomtabiria Motria kilitimia chote. Pishi lilijaa maji. Kuta zilitoka jasho, unga ulifanya mabonge, viatu vikaota ukungu chini ya kitanda. Lakini kalina ilinawiri. Haikuzaa mara moja, haina haraka hiyo, ila majira kadhaa baadaye ilitoa vishada vyake vya kwanza, na wakati huohuo bibi alikuwa ameanza kukohoa. Kikohozi kilitoka kwenye unyevu uleule. Motria alisubiri jalidi, baridi ya kwanza ya kugandisha, ipoze ukali wa matunda, akayachuma, akayaponda na asali na maji ya moto. Nilikuwa pale siku hiyo, nimeleta mayai. Bibi alilala juu ya jiko kubwa la udongo, ambako kwetu wagonjwa hulazwa wapate joto, amegeukia dirisha lile la kaskazini.

"Kunywa, mama."

"Nikuambie kitu," bibi akasema. "Nilipokuambia uipande chini ya dirisha, nilijua itakufa. Pale ni mchanga. Hata kipofu angejua."

Mimi nilishika kikapu changu. Motria alikuwa anafuta kikombe.

"Najua, mama."

"Ulijua lini?"

"Palepale kwenye kura. Kule kwetu hukuipanda chini ya dirisha. Iliota kwenye matope, dirisha ndilo lililotobolewa kuielekea. Wewe ndiye uliyenisimulia, nilipokuwa bi arusi."

"Sasa mbona ulipanda mchangani? Mwaka mzima?"

"Ulisema mbele ya watu. Ningepanda mahali pengine ikashika, ungesema sikufuata maneno yako, na usingekuja."

Bibi alikohoa, akangoja kipite. "Nilitaka mmoja wetu abaki naye," akasema. "Peke yake chini ya maji, mtoto mdogo vile."

"Najua, mama. Kunywa, inapoa."

Akanywa. Alikunja uso, akasema asali haitoshi, wakaanza kugombana kuhusu asali, na mimi nikaenda zangu. Njiani nilikuwa nalia, na nilikasirika kwa sababu sikuwa na kitambaa.

Bibi alifariki kabla kalina haijachanua tena. Makaburi ya kijiji kipya yako juu kabisa, nyuma ya nyumba yangu, mchanga mtupu, upepo siku zote. Desturi yetu ni kupanda kalina kichwani pa marehemu. Wengine siku hizi hupanda misonobari, maana wamechoka kuona vijiti vikavu. Motria aliinamisha tawi, akalifukia, akangoja mwaka, akapanda mche wake pale juu ya bibi.

Tangu hapo anapita kwangu kila siku. Anachota kisimani kwangu, kisima ambacho kingekuwa chake, ndoo mbili, anapanda nazo. Kiangazi mche umekauka. Vuli akapanda mwingine. Nao umekauka. Jana nilimwona tena na gunia limelowa kifuani, nikamfuata mpaka langoni, sikuweza kujizuia.

"Motria, pale ni mchanga. Haitashika. Hata umwagilie mpaka ufe."

Alikuwa ameshanipita.

"Najua," akasema.